MREJESHO: Kukagua nyumba kabla ya kuiuza

Wakuu, niliuliza kama kuna haja ya kumlipa fundi aikague nyumba yangu ya Tabata, Dar es Salaam, kabla ya kuiuza. Ipo. Bati lilivuja kwenye misumari tu, mipira yake imekauka, ikabadilishwa. Maji: funga koki zote, tazama mita. Ikizunguka, kuna bomba linavuja.

Kazi ilikuwa ukutani. Rangi ilibanduka kwa chumvi inayopandishwa na unyevu wa ardhini, kwa sababu msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu. Kupaka rangi juu yake ni kuficha kwa miezi michache. Plasta imebanduliwa hadi mita 1 kutoka sakafuni, tofali zikakauka, ikapigwa mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Unyevu wa chini bado haujakatwa, hivyo mnunuzi anaambiwa. Deni la kodi ya pango la ardhi lilipwe mapema; uhamisho wa hati hukwama hapo.