Nilimpa fundi mashine ya santuri Garrard 301 ya marehemu baba aisafishe, amenirudishia kitu kingine kabisa

Wakuu, nawasalimu. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Jina la fundi na mtaa wake sitaji, hilo tutamalizana kwa mjumbe. Ila alichokifanya nitakieleza chote, kwa sababu najua humu kuna watu wenye mashine za santuri za wazazi wao zimefunikwa kitambaa kabatini, na siku moja watazibeba kuzipeleka kwa mtu wa namna hii.

Mashine yenyewe ni Garrard 301, imetengenezwa Swindon, Uingereza, miaka ya 1950. Baba alikuwa karani kwenye shamba la mkonge upande wa Muheza. Mwaka 1967 mashamba ya mkonge yalipotaifishwa, meneja wa Kiingereza akawa anafunga virago na kuuza vitu vya ndani, baba akatoa akiba yake yote akainunua. Ni ile ya mwanzo kabisa, ya rangi ya kijivu yenye vipele kama bati lililogongwa nyundo, na beringi ya sinia (lile bamba la duara linalobeba santuri) inayokula grisi, siyo oili. Spidi tatu: mizunguko 33, 45 na 78 kwa dakika. Hiyo 78 ndiyo roho ya mashine kwetu, maana baba ameacha santuri zile za kale, nzito, zinazovunjika kama kigae. Siti binti Saad alivuka bahari mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri za aina hiyo, na moja ya kwake tunayo. Mama ana miaka 81. Kila Idi anaiulizia.

Tatizo halikuwa kubwa. Gurudumu la mpira, lile linalopokea nguvu ya mota na kulizungusha sinia, lilikuwa limekauka, mota ilichelewa kushika spidi, na waya wa umeme ulikuwa umechanika ganda. Nikamwandikia fundi kazi tatu kwenye karatasi: tafuta gurudumu jipya lakini la zamani unirudishie, safisha mota na uipe mafuta yake, badilisha waya. Chini nikaandika kwa herufi kubwa USIGUSE RANGI. Tukakubaliana shilingi 900,000, nikatoa 600,000 siku hiyo hiyo.

Miezi mitano. Njoo Ijumaa, njoo Jumatatu, spea haijafika, umeme ulikatika. Jumamosi iliyopita ndiyo kanikabidhi, anatabasamu, anasema, "Bosi, nimekuboreshea. Ya kizamani yote nimetoa, hii sasa ni mpya."

Cha kwanza nilichoona ni weupe. Amekwangua ile rangi ya kijivu hadi kwenye chuma, akapaka puti, akapuliza rangi ya gari. Nyeupe inayong'aa. Rangi ile ilikuwa na zaidi ya miaka 60, ilikuwa na alama ya kidole gumba cha baba pembeni ya kitasa cha kuwashia, pale ilipolika kwa kushikwashikwa. Nilisimama pale dukani nikakosa la kusema. Jamani, mtu akishakwangua kitu kama hicho hakuna pesa inayokirudisha.

Nikajipa moyo kwamba labda ndani kafanya kazi. Nikaenda nayo nyumbani, nikaifungua.

Mota ya 301 haifungwi moja kwa moja kwenye bodi. Inaning'inia kwenye springi sita, ili mtetemo wake uishie hapo hapo usifike kwenye sindano. Yeye springi amezitoa, mota ameikaza kwa bolti. Nilipomuuliza kwa simu akajibu eti ilikuwa inacheza. Ndiyo, ilitakiwa icheze! Sasa ukiweka santuri unasikia mngurumo kama lori la mchanga limeegeshwa nje ya dirisha, na ule utulivu wa katikati ya wimbo na wimbo haupo tena.

Halafu bushi za mota, zile zinazoshika mhimili wake. Zile ni shaba nyeusi yenye vitundu vidogo sana visivyoonekana, inafyonza mafuta na kuyatoa pole pole mota inapopata joto. Unaziloweka kwenye mafuta mepesi yaliyopashwa moto kidogo, unaziacha masaa mengi, basi. Yeye ameziosha kwa petroli, ameyakamua mafuta yote, kisha amezipaka grisi ya magurudumu ya gari, iliyoziba vile vitundu. Nimeipima kwa ile karatasi ya mistari ya kupimia spidi, inayowekwa juu ya sinia, chini ya balbu ya kawaida: kwa umeme wetu wa hertz 50, duara la mistari 180 likionekana limesimama ujue uko kwenye 33 sawasawa. Hapa mistari inarudi nyuma hata baada ya nusu saa. Kile kitasa kidogo cha kurekebisha spidi nimekizungusha mpaka mwisho, haifiki.

Na pale palipohitaji grisi kweli, kwenye beringi ya sinia, ameweka oili ya injini! Beringi ile haikuzibwa chini kwa ajili ya oili. Imeshavuja yote kwenye kitambaa cha meza, na sinia lenye uzito ule sasa linazunguka chuma kwa chuma. Hii ndiyo inayoniuma kuliko hata rangi, kwa sababu kila dakika niliyoijaribu nilikuwa naisaga mwenyewe bila kujua.

Kuna la hatari zaidi. Ile kapasita ndogo ya kuzuia cheche kwenye swichi, ambayo kweli ikizeeka inafaa kubadilishwa, yeye ameweka kapasita ya feni. Matokeo yake hata nikizima, umeme unapita kupitia hiyo kapasita, mota inaendelea kunguruma na kupata joto. Waya wa ethi hakuunganisha kabisa, bodi inapiga shoti. Kwenye nyumba yenye bibi wa miaka 81 na wajukuu wawili.

Gurudumu jipya hakununua. Amelichukua lile lile kavu, akalisugua kwa msasa likapata upande bapa, ndiyo maana kila mzunguko linagonga: tap, tap, tap. Kwa hiyo pesa ya gurudumu imekwenda wapi? Na springi sita, na kile kifuniko cha chini cha kukazia grisi, viko wapi? Akanijibu, "Vyuma chakavu vile, kaka, nilishawapa watu wa mizani."

Najua watakaokuja kusema "lakini inazunguka" na "mafundi wetu wanajitahidi." Nawaheshimu mafundi wanaojitahidi, nimewahi kufanya kazi na mmoja Tanga aliyekuwa akikataa kazi asiyoijua, akakwambia usoni "hii siiwezi." Huyu wangu alikuwa na karatasi mkononi. Alijua kusoma. Hakuombwa kuboresha chochote. Kule Uingereza hizi 301 zinafumuliwa na kufufuliwa kwa uangalifu hadi leo na watu wanazilipia maelfu ya dola, kwa sababu mota, sinia na ule mtambo wa gurudumu wa asili bado vinashinda vingi vya sasa. Kilichohitajika kwangu ni usafi, mafuta sahihi na mpira mpya.

Shilingi 300,000 iliyobaki silipi. Jumatatu naenda kwa mjumbe na ile karatasi, nadai 600,000 yangu pamoja na gharama ya vipuri alivyouza.

Ninaloomba kwenu: yeyote Tanga, Dar, Mombasa au Zanzibar mwenye 301 ya grisi, naomba anipimie kwa kalipa kipenyo na urefu wa springi za mota, na anipigie picha ile kofia ya grisi kwa chini ili nikachongeshe kwa fundi mitambo. Na kama kuna aliyeona kwenye mizani ya chuma chakavu kifurushi cha springi sita ndogo na kikofia cha shaba, mwezi wa pili au wa tatu mwaka huu, anifuate inbox. Nitanunua kwa bei atakayotaja. Mama hajaambiwa bado, nimemwambia mashine iko kwa fundi.