Mlioanzia ndoa Dodoma, mlijifunzia ufundi wapi? Tupeane uzoefu

Mgeni_Ilazo: Mbukwenyi wakuu. Nina miezi mitano ndani ya ndoa, tumepanga Ilazo. Dar jioni yangu ilikuwa inaishia kwenye foleni, huku saa kumi na moja nishafika nyumbani, tunabaki kutazamana na mke wangu. Juzi tukanunua msasa na vanishi, tukafufua kimeza cha mninga alichopewa na bibi yake. Kesho yake namkuta anasugua miguu ya kitanda peke yake, anaimba. Kumbe anapenda! Hata mwenyewe alikuwa hajui. Leo nimeona drili pale Majengo, mkono unawasha. Nyie mlianzaje, na mliharibu nini?

Mama_Vishada: Sisi ni rangi. Grili za dirisha la mbele, rangi ya mafuta, mwezi wa nane. Mnaoujua mwezi wa nane wa hapa mshaanza kucheka. Upepo ulibeba vumbi lote la Nkuhungu ukalitua kwenye rangi mbichi. Mpaka leo zile grili unaweza kunolea kucha.

Mzee_wa_Zege: Rangi ya nje inapakwa alfajiri, upepo haujaamka. Au subirini mwezi wa tatu.

Mama_Vishada: Mwezi wa tatu si mvua, mzee?

Mzee_wa_Zege: Basi msipake.

Kisasa_Mjengoni: Nyumba ya kupanga unaipendezesha ya nini? Mimi niliweka koki mpya na taa za maana, mwenye nyumba alipokuja kuona tu, kodi ikapanda elfu thelathini.

Binti_Kondoa: Kwa hiyo tukae kama tuko stendi mpaka tujenge?

Kisasa_Mjengoni: Jengeni kwanza, dada.

Binti_Kondoa: Kiwanja unanipa wewe?

Mkwe_wa_Mpwapwa: Shemeji wa Ilazo, iache hiyo drili dukani kwanza, nikusimulie. Mwaka wetu wa kwanza, Chang'ombe hapa hapa. Mama mkwe anakuja kutoka Mpwapwa, nikamwambia mume wangu jikoni pawe na shelfu, mama asikute masufuria yamelala chini. Akaazima drili kazini. Alipima kwa futi, akaweka pimamaji, akachora kwa penseli, nikaona kweli nimeolewa. Tundu la kwanza safi. La pili safi. La tatu drili ikazama kama imeingia kwenye embe bivu. Akanitazama. Akaichomoa.

Maji yalitoka mstari mmoja, yakavuka jiko, yakagonga ukuta wa pili. Na ndiyo siku yetu ya mgao! Siku nyingine unakinga ndoo nusu saa, siku hiyo presha kama gari la zimamoto. Akaziba kwa kidole gumba: "Kafunge vali!" Natoka nje nazunguka nyumba, vali siioni. Jirani ananiambia taratibu kabisa, mwenye nyumba aliimwagia zege alipotengeneza kibaraza. Ya kwenye mita imo ndani ya kisanduku, kina kufuli, ufunguo anao yeye, na yeye kasafiri. Narudi ndani, mume yuko vile vile, kidole ukutani, mkono wa pili kashika drili, BADO IKO KWENYE UMEME, maji yamefika kwenye vifundo. Sijui nilipiga kelele gani, ila waya niliung'oa. Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda. Alichonga kijiti cha mwarobaini, akakigongomea tunduni kwa jiwe. Maji yakawa ya kudondoka. Nageuka, bajaji inasimama getini, mama mkwe huyo, kashika kuku.

Binti_Kondoa: Weeee!! Usiishie hapo.

Mzee_wa_Zege: Bomba kawaida linapanda au kushuka wima kutoka kwenye koki. Usitoboe juu yake wala chini yake. Swichi hivyo hivyo.

Kisasa_Mjengoni: Mzee, mafundi wa siku hizi wanapitisha mshazari ili bomba litumike fupi. Bora kata mpira wa ndani wa baiskeli, uwe nao jikoni kama chumvi.

Mzee_wa_Zege: Mpira utaufungaje kwenye bomba lililo ndani ya ukuta?

Kisasa_Mjengoni: 😂 Nimenyamaza.

Mama_Vishada: Na starehe jamani, mmeiacha. Sisi tulipanda zabibu uani, vipando vitatu kutoka Mpunguzi. Mwaka mzima majani tupu, maana nilikuwa nakatia ncha kwa huruma. Mzee jirani akaja na mkasi, akapogolea mpaka vikabaki visiki. Nilimnunia siku mbili. Mwezi wa nne tangu siku ile tukala zabibu. Mume wangu, mtu wa mpira na simu, sasa saa kumi na mbili asubuhi yuko uani anahesabu vishada, na ndege anawafahamu mmoja mmoja.

Mgeni_Ilazo: Nimechelewa kusoma. Drili ninayo. Shem, mama mkwe alisemaje?

Mkwe_wa_Mpwapwa: Hakusema kitu. Alinikabidhi kuku, akavua kandambili, akafunga kitenge juu ya magoti, akauliza dekio liko wapi. Shelfu tuliifunga kesho yake ukuta mwingine, pimamaji kashika yeye. Kuku tulimpikia barazani, juu ya lile zege.

Binti_Kondoa: Juu ya vali 😂