Wageni wa kambi yetu ya familia wanasema "pazuri sana", kisha hawarudi. Naomba ushauri

Mwenyeji_Kambini

Habari zenu wanajukwaa. Naomba msaada kwa jambo linaloninyima usingizi.

Familia yetu inaishi kwenye eneo lenye miti mingi, na upande wa chini kuna kijito. Ardhi ni ya mama mkwe. Mimi, mume wangu na watoto tunaishi naye. Tulisafisha uwanja nyuma ya nyumba, tukajenga vyoo na mabafu, tukatenga mahali pa kuwashia moto, na sasa tunapokea watu wanaokuja kupiga kambi. Wengi ni wazazi wenye watoto. Mahali ni pazuri kwelikweli, hata sisi tunaopaona kila siku hatujapazoea.

Shida ni kwamba wengi waliopanga kukaa siku kadhaa hukunja mahema kabla ya siku zao kwisha. Wanashukuru, wanatuaga vizuri, na hatuwaoni tena. Nikiuliza kama kuna kilichowakwaza, wanajibu hakuna. Naelewa, ni vigumu mgeni kumwambia mwenyeji usoni kwamba hakulala.

Ninyi mliowahi kulala kwenye kambi za namna hii, niambieni bila kunionea haya: mgeni anapitia nini tangu anapoingia getini mpaka anapoondoka?

Na kuna hili la pili. Mama mkwe anapenda watu. Asubuhi na jioni huzunguka kwenye mahema kuwajulia hali, na akikaribishwa hukaa. Ni mtu mwenye upendo na sitaki aone kwamba namfukuza kwenye ardhi yake mwenyewe. Ila nimeanza kujiuliza.

KigingiChuma

Dada, asante kwa kuuliza. Wenyeji wengi hawaulizi.

Nianze na kufika. Familia yenye watoto mara nyingi hufika jioni imechoka, na giza linakaribia. Baba anataka kujua aegeshe gari wapi, hema liwe wapi, na kama ardhi pale inashika kigingi. Mama anatafuta choo. Watoto wameshatawanyika. Hapo ndipo mgeni anapoamua moyoni kama amekaribishwa au amevamia nyumba ya watu. Kwenye kambi kubwa ya biashara kuna ofisi na namba ya kiwanja, huna cha kujiuliza. Kwenye kambi ya familia kila kitu kinafanana na uwanja wa mtu: ule mti watoto wanaruhusiwa kuupanda? Lile bomba ni letu au lenu? Nikivua viatu hapa niko uani kwenu?

Kwa hiyo mtu mmoja awapokee, na awe ni huyo huyo kila mara. Atembee nao kabla giza halijaingia: choo hiki, maji haya, moto pale, mwisho wa eneo lenu ni hapa, na usiku mkiwa na shida gongeni mlango ule. Sentensi hiyo ya mwisho ina uzito kuliko zote. Nimelala mahali ambapo mtoto alipandwa na homa usiku na sikujua nimwamshe nani. Watu walikuwa wema, lakini hawakuwa wameniambia.

Mama_Wawili

Mimi nizungumzie usiku, maana naamini wageni wako wanaondokea usiku ingawa wanafunga mizigo asubuhi.

Fikiria mtoto mdogo anayeamka saa nane za usiku akitaka choo. Unatafuta tochi gizani, unafungua zipu mbili bila kuamsha wa pili, unavaa viatu vilivyolowa umande, kisha unatembea kwenye njia uliyoiona mara moja tu mchana. Kila kamba ya hema la jirani inakunasa mguu. Ukifika, mlango wa choo haufungi kwa ndani, au taa ni nyeupe kali na wadudu wote wa eneo wako pale, na mtoto anakataa kuingia. Unarudi naye hajajisaidia. Baada ya hapo hulali, unasubiri tu kukuche.

Hayo yote yanatengenezeka bila gharama kubwa. Weka taa ndogo kando ya njia, ziwe chini karibu na ardhi, zisimulike mahema. Tumia taa za rangi ya njano iliyoiva. Haziwavuti wadudu kama zile nyeupe zenye ubuluu. Weka komeo ambalo mtoto anaweza kulifungua mwenyewe. Ndoano ya kutundikia nguo na tochi ndani ya choo na bafu. Ndoano! Sijui kwa nini inasahaulika, na bila hiyo mama anaoga akiwa ameshika tochi kwa meno na taulo begani.

Halafu, mna mbwa?

Mwenyeji_Kambini

Tunao wawili, Mama Wawili. Usiku wanafunguliwa.

Mama_Wawili

Basi huenda sehemu ya jibu ni hiyo. Ninyi mnawajua, mimi nasikia tu kitu kikipumua upande wa pili wa kitambaa chembamba, karibu na kichwa cha mwanangu. Siku ya kupokelewa wageni wakutanishwe na mbwa, na usiku mbwa wabaki upande wa nyumba.

Mzee_wa_Tochi

Watoto wangu, niongeze ya usalama, maana mgeni wa familia anakuamini kwamba umeshaliangalia eneo kwa niaba yake.

Kwanza, jiko la makaa lisiingie ndani ya hema. Hata likionekana limezimika, hata kama mvua inanyesha na watoto wanatetemeka. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi kumwokoa. Waambie wageni kwa mdomo siku wanapofika, kibao peke yake hakisomwi na mtu anayesikia baridi. Na ukiwaambia hivyo, wape njia nyingine ya kupata joto, la sivyo umewakataza tu.

Baridi yenyewe wengi hawaielewi. Wanajifunika juu kwa mablanketi matatu huku chini wana turubai tupu, na ardhi ndiyo inayowanyonya joto usiku kucha. Ukiwa na mikeka minene au magodoro ya ziada ya kuazima, umewasaidia kuliko kuwaongezea blanketi. Na wasizibe matundu ya hema yote: pumzi za watu wanne zinageuka maji kwenye kitambaa, alfajiri yanawadondokea, wanadhani hema limevuja.

Pili, miti. Kagua matawi makavu juu ya kila kiwanja. Usiruhusu hema kwenye bonde la kijito hata kama nyasi za pale zinapendeza, kwa sababu hewa ya baridi hutuama chini, na mvua ikinyesha mbali maji huja kwako bila wewe kuona wingu.

Tatu, radi. Hema si kinga. Mkihesabu chini ya sekunde 30 kati ya mwanga na ngurumo, radi iko ndani ya kilomita 10 hivi; wageni waingie nyumbani kwenu au kwenye magari yenye paa la chuma, wakae hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Wajue mapema kwamba mlango wenu utakuwa wazi siku hiyo. Mgeni mwenye aibu atabaki kwenye hema.

Pwani_Njema

Nafuatilia uzi huu. Nasi tuna mpango kama huo nyumbani.

Msafiri_Mpole

Naomba nitofautiane kidogo na mwelekeo wa mazungumzo. Mimi huchagua kambi za familia kwa sababu ya watu kama huyo mama mkwe. Ningetaka kuachwa kimya ningekwenda kambi kubwa, nikalipia namba yangu, nikaondoka bila kumjua mtu. Kilichobaki kichwani mwangu kutoka safari zangu ni wazee wenye ardhi: aliyetuonyesha ndege wa usiku anakolala, aliyewafundisha wanangu kuwasha moto kwa kuni mbichi. Mandhari nimeshayachanganya, sura za wale wazee bado naziona.

Msimwondoe mama.

KigingiChuma

Mkuu, hakuna aliyesema aondolewe. Suala ni kwamba hema halina mlango wa kubisha. Mtu akisimama nje na kusalimia, aliye ndani hana namna ya kusema "sasa hivi hapana". Labda ananyonyesha, labda amegombana na mwenzake, labda anabadili nguo. Kwa heshima ya mtu mzima atatoka, atatabasamu, atakaa. Asubuhi tena. Siku ya pili anaona afadhali aondoke.

Bibi_Asali

Mimi ni mama mkwe pia, na tunapokea wageni, kwa hiyo nisikilizeni.

Mwanangu, usimwambie mama yako "usiende kwenye mahema". Atasikia "huna kazi hapa". Mpe mahali pake. Sisi tuna moto mmoja wa pamoja, mbali kidogo na mahema, na jioni mimi ndiye mwenye moto huo. Nakaa pale, kuni ziko, viti vipo. Mgeni anayetaka maneno anakuja, anayetaka kulala halazimiki. Watoto huwa wa kwanza kuja, kisha wazazi wao wanawafuata. Wanaokuja hukaa muda mrefu kuliko nilipokuwa nawafuata mimi, kwa sababu wamekuja kwa miguu yao.

Na moto ule naufunga mimi mwenyewe: maji mengi, nakoroga majivu, namwaga tena, nalaza nyuma ya kiganja karibu na majivu. Kama bado kuna joto, sijamaliza. Kazi hiyo mpe yeye kwa heshima zote. Mwambie: "Mama, moto wa wageni tunakuachia wewe."

Mwenyeji_Kambini

Bibi Asali, Mungu akubariki. Nimemsomea mama maneno yako, neno kwa neno. Amenyamaza kidogo kisha akauliza kiti chake kitakaa upande gani wa moto ili moshi usimfuate. Nadhani tumeelewana.

Wakuu, nina maswali mawili tena. Pampu yetu ya maji tunaiwasha alfajiri, na watoto wanajiandaa kwenda shule wakati wageni bado wamelala. Je, linasumbua? Na mahema mangapi yanatosha? Mume wangu anaona uwanja ni mkubwa, tuongeze.

KigingiChuma

Pampu inasumbua, ndiyo. Kitambaa cha hema hakizuii sauti yoyote. Kama tanki lina nafasi, lijazeni mchana. Sauti za watoto wa nyumbani hazimchukizi mtu ikiwa aliambiwa mapema kwamba saa fulani nyumba huamka. Kinachomkera mgeni ni kushtuliwa. Nanyi wekeni saa za utulivu. Wengi huanza saa nne usiku hadi saa moja asubuhi, na familia yenu izifuate pia.

Kikundi kikipiga muziki baada ya hapo, nenda wewe au mumeo mkazungumze nao. Usiache wageni wamalizane wenyewe. Mzazi aliyelazimika kutoka kwenye hema usiku kuwaomba watu asiowajua wapunguze sauti, likizo yake imeisha palepale.

Fundi_Maji

Kuhusu idadi, usianze kupima uwanja, anza na maji na vyoo. Viwango vya Sphere, vinavyotumiwa na mashirika ya misaada kwenye dharura, vinataja angalau lita 15 za maji kwa mtu kwa siku na choo kimoja kwa watu wasiozidi 20. Hiyo ni kwa watu waliopatwa na maafa, dada, si kwa watu waliokuja kupumzika na wanaooga mara mbili. Kama hata hapo hufiki, usiongeze hema.

Kama vyoo ni vya shimo na mna kisima, shimo liwe mbali na kisima angalau mita 30, na kitako chake kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Udongo wa mchanga au mwamba wenye nyufa unahitaji umbali zaidi. Na msiruhusu sabuni kwenye kijito, hata ile inayouzwa kwamba haidhuru mazingira. Tengeni karo la kuoshea vyombo mbali nacho.

Kwa mfano wa udogo: Uingereza kuna chama cha wapiga kambi kilichoanza mwaka 1901, na viwanja vidogo vya watu binafsi vinavyopata cheti chake hupokea nyumba ndogo za kulala zinazokokotwa na gari zisizozidi tano, na mahema hadi kumi kama nafasi ipo. Watu wanavipenda kwa sababu hiyo hiyo ya uchache. Mkiongeza mahema, anachokifuata mgeni kwenu kitapungua, na ninyi mtachoka hadi msiweze hata kumsalimia.

Mama_Wawili

Naunga mkono. Kiwanja kiwe mahali ambapo sisikii jirani akikoroma. Weka vichaka kati ya mahema ikiwezekana, usivifyeke vyote kwa ajili ya usafi.

Mwenyeji_Kambini

Asanteni sana. Mume wangu amesoma na amekubali tubaki na mahema machache tuliyonayo. Kesho anahamisha banda la mbwa. Taa za njia, makomeo na ndoano nashughulikia mimi, pampu tutaiwasha mchana. Vichaka bahati nzuri bado vipo upande wa juu, tutahamishia viwanja huko, mbali na kijito.

Moja la mwisho: wageni wakiondoka, niwaulizeje ili waseme kweli?

Bibi_Asali

Usiulize "kulikuwa na shida?" Uliza "Mngekuja tena, mngependa hema liwe wapi?" Atakayesema "mbali kidogo na choo" au "upande usio na mbwa" ameshakujibu. Na muulize mtoto wake pia, hukohuko mbele ya wazazi.