MREJESHO: Difu ya nati tano kwenye Ford Mustang ya 1966

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza jinsi ya kuiondoa Mustang yangu ya silinda sita kwenye rimu za nati nne, nihamie nati tano kama zile za V8 (yenye injini ya silinda nane).

Uliyeniambia nikatafute Ford Maverick ya V8 kwenye yadi za magari mabovu, ubarikiwe sana! Nimeipata hapa hapa Ohio, difu (ekseli ya nyuma yenye gia za kuzungusha magurudumu) ya inchi 8, meno yake safi kabisa. Ni fupi kidogo kuliko ya Mustang, lakini imekaa vizuri.

Dramu za breki ndizo zimeniangusha. Pembeni zimeandikwa kikomo cha upana wa ndani, inchi 10.060, fundi alipopima, zilishalika kupita hapo. Nimenunua mpya.

Magurudumu ya mbele bado. Spindo (vyuma vinavyoshika magurudumu ya mbele) za Maverick nimeziacha, tundu la tairodi (fimbo ya usukani) ni kubwa kuliko la gari langu, kwa hiyo natafuta za Mustang V8 ya 1965 au 1966. Mnaonunua, someni namba iliyo kwenye chuma: C5 ni ya 1965, C6 ya 1966.

Walioniulizia rimu za zamani, nitaziuza mbele ikikamilika. Asanteni sana wote.