Viti vya reksini vyaanza kupasuka: nivioshe na nini, nivipake nini?

dereva_shela
Salaam wadau. Gari ni Noah ya wageni, Malindi–Watamu–Gede, mchana kutwa juani. Viti ni vyeusi, ngozi bandia. Kiti cha dereva kimekauka, na kwenye ubavu wa upande wa mlango kuna nyufa nyembamba kama nywele. Viti vya nyuma havijapasuka ila vinanata. Vijana wanaoosha gari hupaka ile polishi ya dashibodi inayong'aa. Mwengine anasema nipake mafuta ya nazi. Nataka nivitengeneze kabla kaskazi haijaingia.

fundi_maweni
Kaka, kwanza ujue umekalia nini. Fungua kulabu chini ya kiti utazame ngozi yenyewe kwa nyuma. Ukiona kitambaa, ni bandia, na bandia ziko aina mbili. PVC, ambayo ndiyo reksini hasa, ni nzito na ukiikunja hurudi. PU (poliyurethani) ni nyepesi, laini, hukunjamana kama ngozi ya mnyama. Si ajabu ukakuta zote mbili ndani ya gari moja, hasa kama viti viliwahi kushonwa upya.

Hazifi kifo kimoja. PVC kwa asili yake ni ngumu, ndiyo ileile ya mabomba ya maji. Kiwandani hutiwa vilainishi vya majimaji ndipo ikubali kupinda. Joto na jua huvitoa kidogo kidogo; ule ukungu wa mafuta unaoshika kioo cha mbele kwa ndani, sehemu yake ni hivyo vilainishi. Vikipungua, reksini hukakamaa na kupasuka pale inapokunjwa kila siku, yaani ubavu unaousugua ukipanda na kushuka, na kwenye matundu ya mshono. PU adui yake ni unyevu uliochanganyika na joto. Huoza yenyewe kwa ndani, hunata, halafu hubanduka maganda.

Mafuta ya nazi achia samaki wa kupaka. Hayapenyi reksini yakairudishia kilichotoka. Hukaa juu yakashika vumbi na mchanga, na mafuta yakikaa sana kwenye PVC huvuta hata vile vilainishi vilivyobaki. Mafuta ya kupaka ngozi halisi nayo hayana kazi hapa, hii haina vinyweleo vya kunywa kitu.

sponji_na_ndoo
Fundi amemaliza upande wa sababu. Nitasema kuosha.

Mchanga utoke kwanza, wote. Panua mikunjo kwa vidole, pitisha brashi laini ya rangi huku mashine ya kuvuta vumbi ikifuata. Ukianza na kitambaa kibichi juu ya mchanga wa ufukweni umepiga msasa.

Maji yawe ya mvua au ya mfereji. Visima vingi vya huku ni vya chumvi, na chumvi ikikauka hubaki kwenye mshono. Lita 1 ya maji vuguvugu, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali. Piga povu, tumia lile povu tu. Fanya robo ya kiti kwa wakati mmoja kwa brashi laini, ukizunguka bila kukandamiza, futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha kitambaa cha pili chenye maji matupu, kisha kikavu. Usimwage maji. Yakipita matundu ya uzi yanaingia kwenye sponji ya kiti, yanakaa siku kadhaa, na hapo ni ukoga na harufu. Acha milango wazi kivulini nusu saa.

Usiguse kwa Jiki, thina, petroli, spiriti, sabuni ya unga wala ile sponji nyeupe ngumu ya kutoa madoa ukutani. Hiyo ni msasa mwembamba, inakula utando wa juu unaolinda rangi.

Na kwa gari la wageni: dawa ya mbu ya kujipaka yenye DEET huyeyusha plastiki. Alama za mapaja na viganja zisizotoka kwa sabuni mara nyingi ni hiyo. Tandika leso nyeupe ya pamba, ifuliwe kila siku.

kivuli_cha_mwarobaini
Baada ya kuosha, paka kinga ya maji yenye kichujio cha miale ya jua, iliyoandikwa kuwa ni ya vinyli (jina jingine la PVC). Kopo likinuka mafuta ya taa au likiwa na alama ya moto, liache dukani. Ile polishi ya kung'aa mara nyingi iko kundi hilo. Nyunyiza kwenye kitambaa, si kwenye kiti: minyunyizo mitatu au minne yatosha kiti kizima. Ngoja dakika chache, kisha futa mpaka kitambaa kipite pakavu. Kikiteleza umezidisha. Rudia kila wiki 4 hadi 6, na kuanzia Desemba hadi Machi kila wiki 3.

Lakini dawa haishindi kivuli. Kiti cheusi ndani ya gari lililofungwa juani hupita nyuzi 60. Weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele, teremsha vioo upana wa kidole. Kama bado una yale manailoni ya dukani juu ya viti, yatoe leo, yanafungia jasho.

dereva_shela
Ahsanteni sana. Nimeosha kimoja cha nyuma kwa majaribio. Kimekauka, bado kinanata. Ufa wa mbele unaingia ncha ya ukucha.

fundi_maweni
Kama kunata kungekuwa polishi na losheni kungetoka kwa sabuni. Hiyo yaelekea ni PU inaoza, hakuna cha kupaka. Badilisha vipande vya kukalia na kuegemea, ubavu na mgongo wa kiti vibaki kama ni vizima.

Ufa wa mbele unazibika. Pitisha kitambaa chembamba chini yake, gundi ya vinyli inayopinda, tabaka nyembamba mbili tatu kila moja ikauke, msasa namba 600 kidogo, halafu rangi ya vinyli. Si supaglu wala gundi ya mabomba: zote hukakamaa na ufa mpya huanza pembeni yake.

Kwa fundi wa viti, dai reksini yenye mgongo wa kitambaa kinachovutika, uzi wa poliesta (pamba huoza), na hatua ya mshono, yaani umbali wa tundu hadi tundu, milimita 4 hadi 5. Ukimwacha abane matundu kwa urembo, atakuwa amekutobolea mstari wa kuchanika.