Zenyatta: malkia kweli au alibebwa na California?

Wakuu tuwekane sawa. Huyu farasi jike wa mbio wa Marekani kakimbia mara 20 kashinda 19, ile moja akapigwa na dume Blame kwa kichwa tu, Breeders' Cup Classic ya 2010 (mbio kubwa ya mwisho wa msimu) pale uwanja wa Churchill Downs. Alikuwa mkali, sikatai, ila kati ya hizo 20 ni tatu tu alitoka nje ya California, na nyingi ni uwanja wa bandia, si udongo halisi, dhidi ya majike wenzake. Jike mwingine, Rachel Alexandra, 2009 alikimbia nane kashinda zote nane, mbio ya majike ya Kentucky Oaks kawaacha urefu wa farasi 20 na ushee, akaenda mbio kubwa ya Preakness akawanyoosha madume, akaongeza mbio nyingine mbili, Haskell na Woodward. Waliompa yeye tuzo ya Farasi Bora wa 2009 hawakukosea. Nani anabisha?

— Nabisha mimi mkuu. Mbona umeruka Breeders' Cup Classic ya 2009? Mle kulikuwa na bingwa wa Kentucky Derby na bingwa wa Belmont, Zenyatta katoka mkiani kawapita wote, jike wa kwanza kuibeba ile mbio tangu ianze 1984. Rachel alikuwa wapi? Tajiri yake aligoma, eti hataki plastiki, yaani ule uwanja wa bandia. Sasa nani kamkimbia nani hapo

— Kaka kuwa na huruma, Rachel alikuwa na miaka mitatu tu, na msimu mzima alishakimbizwa nchi nzima. Yule mwenzie miaka mitano, anakula starehe nyumbani.

— Kwangu ile ya 2010 aliyofungwa Zenyatta ndo ilimaliza ubishi. Udongo halisi, jioni taa zishawaka, mwanzoni kaachwa nyuma kabisa anapigwa na vumbi usoni mpaka unasema leo kaumia huyu, halafu kona ya mwisho mpanda farasi wake Mike Smith anamtoa nje anaanza kuwala mmoja mmoja, hatua mbili zaidi Blame alikuwa kaliwa. Smith mwenyewe alilia, akasema kosa ni lake. Hoja ya plastiki mnaipeleka wapi?

— Mleta mada narudi: kwa hiyo anafungwa na Blame halafu Farasi Bora wa 2010 wanampa yeye? Hiyo si pole ya kukosa ile ya 2009?

— Pole gani, mwaka huo kashinda tano kabla hajafungwa.

— Zote za majike mkuu. Zote tano.