Wakuu msaada: rangi za bango la send-off zinaniaibisha

KijanaWaKabwe: Heshima kwenu wakuu. Nipo Mbeya, nimepewa bango la send-off, rangi za kamati ni bluu na chungwa. Nikitengeneza gredienti, yaani rangi moja ififie taratibu kuingia nyingine, itoke bluu iishie chungwa, katikati panakuwa kijivu, halafu mistari mistari. Bango ni la Jumamosi. Nifanyeje?

FundiMabango: Hizo rangi zinauana, lazima zipite kwenye kijivu. Fungua kihariri cha gredienti, bofya chini ya ule mstari wa rangi, katikati, uongeze rangi ya tatu: zambarau au pinki iliyoiva. Ile almasi ndogo inasogeza mahali rangi zinapokutana. Mistari, washa Dither, ile inayochanganya vidoti vya rangi ili ngazi zisionekane. Unatumia programu gani?

UlanziBaridi: Zambarau kwenye send-off? Wageni watadhani Kwaresima.

MamaTukuyu: Send-off ya binti yangu tulipamba kwa migomba, watu wakala wakashiba. Siku hizi mchango laki, chakula hakitoshi, mnahangaika na mabango.

FundiMabango: Kijana, nimeuliza programu. Na picha ya chini umeitoa wapi?

KijanaWaKabwe: Photopea, kwa simu. Mandhari nilitumiwa WhatsApp tayari ina hizo rangi, nikaongezea zangu juu. Ila kwenye simu inaonekana poa tu. Halafu nimeshamwambia mwenyekiti kwamba pale katikati ni silva, kakubali, na advansi nimeshakula. Kuanza upya siwezi.

FundiMabango: Sasa hicho ndicho ulichokuwa unakificha! WhatsApp imeshaiminya hiyo JPEG, mistari imegandia humo, Dither haiifuti. Tena picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na bluu. Zitandaze kwenye bango la mita 3 uone kila ngazi inavyojichora. Tupa mandhari hiyo, chora yako, nyunyizia chengachenga kidogo zivunje mistari. Na bluu kali ya skrini ikichapwa kwa CMYK, zile wino nne za mashine, huelekea zambarau, kwa hiyo Ulanzi, Kwaresima yako ipo palepale.

NgoshaKihesa: Mnapoteza bando. Juzi kwenye uzi wa parachichi huyu huyu alikuwa Njombe anapanda Hass. Leo dizaina wa Kabwe. Hii chai, tena ya Rungwe.

UlanziBaridi: Mimi nilishtukia kwenye silva. Mwenyekiti gani wa kamati asiyeijua silva?

KijanaWaKabwe: Shamba ni la mzee, nasaidia tu. Nitume skrinishoti?

NgoshaKihesa: Tuma ya advansi.

MamaTukuyu: Mwacheni mtoto wa watu. Mwanangu, hiyo miche ya Hass mnauzaje?